Kisu chenye Mpini wa Kijani

Nimezaliwa nyuma ya buchari, Dagoretti.
Najua uzito wa paja kwa macho tu,
najua mbavu ipi itauzwa kabla ya saa nne
na ipi itangoja mlevi wa jioni.
Hesabu nilijifunzia kwenye daftari lenye mafuta:
kilo kwa shilingi, shilingi kwa deni,
na deni la Mama Gathoni, lisilofutika mpaka leo.

Kwa hiyo nilipoacha nyama
sikuwa na hotuba.
Jumanne moja mdomo ulikataa, basi.
Baba alidhani ni vidonda vya tumbo.
Shangazi alidhani ni mimba, kisha kanisa jipya.
Harusini hunipakulia wali mkavu na huruma,
halafu mmoja huja na sahani, ananong'ona:
"Kuku je? Kuku si nyama."

Mwezi wa pili kazi ilitupeleka Ahmedabad, mimi na Hetal
wa Ngara, ajuaye matusi ya Kikuyu kunishinda.
Siku tano za mashine za kupima dawa.
Ijumaa akasema, twende Mandvi,
nyanya yangu alitoka huko na sanduku moja,
sijawahi kupaona.
Basi la usiku. Miguu ikavimba.
Asubuhi, chumvi puani.

Mimi na pwani hatujawahi kuelewana:
Mombasa nilikula chipsi siku nne.
Hapa, hatua chache kutoka mchangani,
mwenye hoteli aliweka sinia la bati, vibakuli sita,
wala hakuniuliza kitu.
Hakuniuliza!
Dengu, bamia, bilinganya iliyobabuliwa ikapondwa,
mkate wa uwele, siagi ikiyeyuka juu yake,
mtindi mwepesi wenye bizari nyembamba,
na kijana mwenye ndoo aliyerudi, akarudi,
mpaka nikafunika bakuli kwa kiganja.
Barabarani tukanunua mkate uliojazwa viazi vikali,
punje za komamanga zikipasuka mdomoni
kama mtu aliyekumbuka kichekesho kanisani.
Hetal aliitafuta nyumba ya nyanya yake, akapata duka la simu.
Alinunua chaja. Akalia kidogo. Tukaenda kunywa chai.

Nilichokipiga picha si bahari.
Ni pakiti ya biskuti:
mraba mdogo, ndani yake kidoti cha kijani.
Maana yake, alisema Hetal, kula bila kuuliza.

Sasa niseme ukweli, maadamu Shangazi hayupo:
usiku wa pili, juu ya godoro jembamba la Mandvi,
niliota moshi wa Kenyatta Market.
Mafuta yakidondokea makaa, chwaa,
Baba akipiga ubao kwa panga,
chumvi kwenye karatasi.
Niliamka mate yamenijaa.
Njaa haikuwa ya nyama. Au ilikuwa ya nyama.
Sijui. Nilikunywa maji.

Jumapili iliyofuata, Dagoretti.
Baba, koti jeupe, msumeno mkononi, foleni mlangoni:
"Walikulisha nini huko?"
Nikamtajia vyote, bakuli kwa bakuli.
Wateja wakanyamaza kama kwenye tangazo la kifo.
"Na ukashiba?"
"Nikashiba."
Nikamwonyesha kidoti kwenye simu.
Akavua miwani, akaivaa tena.
Akaendelea kukata mbavu za mtu.

Wiki mbili hakusema neno.
Kisha nikaona, msumarini, mbali na kulabu,
kisu kipya chenye mpini wa kijani.
"Hicho hakijagusa damu," alisema bila kugeuka.
"Ni cha mboga zako."
Akanikatia kachumbari, vipande vinene
vya mkono uliozoea mfupa,
dania, limau, pilipili mbili nzima,
ugali pembeni, kwenye ubao
aliousugua kwa majivu hadi ukapauka.
Nikala nimesimama, katikati ya mizoga miwili.

Alipoona nimemaliza akafuta mikono.
"Na kuku?" aliuliza. "Hata wa kienyeji?"